Ndoano Namba Ngapi?

Nazungumza nanyi nyote mnaotusikia jioni hii, kuanzia Nyanga na Kashai hapa mjini, mpaka Kemondo, Muleba, na visiwani Bumbire, Ikuza na Goziba, ambako najua wengine mnatusikiliza huku mikono inatia chambo.

Leo sisemi habari za nyavu. Nyavu tumezisema mpaka zimetuchosha: kokoro, timba, zilizochomwa moto mbele ya kamera, na zile ambazo hazikuchomwa. Jioni hii nataka tukae na ndoano, kifaa cha shilingi chache ambacho hakuna anayekipigia picha.

Ingia duka lolote la zana za uvuvi, omba ndoano za sangara. Muuzaji hatakuuliza jina lako wala mwalo unaotoka. Atakuuliza, "Namba ngapi?" Asiyezoea hudhani namba ikipanda na ndoano inakua. Ni kinyume chake. Namba nne ni chuma kinene cha kumfunga mkubwa. Namba kumi ni ndogo, na kumi na mbili ni ndogo zaidi. Kwa hiyo mtu anayesimama kaunta na kutaja namba kubwa amekwisha kutangaza, mbele ya wateja wote, kwamba anawafuata watoto. Hajatia mtumbwi majini, lakini amekwisha kumchagua samaki wake.

Hoja yangu ya leo ni hiyo tu. Anayetega ndoano huchagua samaki akiwa bado nchi kavu, kwa namba anayonunua na kwa chambo anachokitia. Akishafika ziwani, kuchagua kumekwisha. Nipeni nafasi nieleze kwa nini.

Tuanze na mlaji mwenyewe. Sato unaweza kumpata kwa ufito, mshipi mwembamba na mnyoo au donge la ugali, kama wafanyavyo vijana kwenye mawe ya ufukweni. Sangara hana habari na ugali wako. Anataka kitu chenye uhai, kinachokwenda, na kama kinakwenda kwa kuyumba ni bora zaidi. Wala hamng'ati samaki mdogo vipande. Humsogelea, kisha hufungua kinywa kwa ghafla, maji yakakimbilia ndani na samaki mdogo akaenda nayo, mzima mzima. Meno yake ni ya kukwaruza na kushikilia, si ya kukata. Macho yake makubwa, ambayo ukiyamulika tochi usiku yanakurudishia mwanga, yanampa faida wakati wa machweo na alfajiri, saa ambazo samaki wadogo wameanza kupapasa naye bado anaona. Ndiyo sababu migonzo, zile kamba ndefu zenye ndoano nyingi, hutegwa jioni na kuinuliwa asubuhi.

Sasa fanya hesabu ndogo pamoja nami. Sangara anaweza kummeza samaki anayekaribia theluthi ya urefu wake. Haipendi sana kazi hiyo, lakini anaiweza. Kanuni zetu zinasema sangara asivuliwe akiwa chini ya sentimita 50. Gawanya kwa tatu, unapata kama 16 au 17. Maana yake, ukitia chambo chenye urefu wa kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole, sangara wa sentimita 30 atakitazama, pengine atakigusa, lakini kinywa chake hakitoshi. Ukitia chambo cha urefu wa kidole, yeyote anayepita atakula. Hiyo si sheria ya kuandikwa ukutani, ni makadirio ya mvuvi. Lakini inaonyesha kwamba chambo nacho kina namba yake, ingawa muuza duka hakuulizi.

Na chambo gani basi? Ukienda kwenye mialo utakuta ubishi wa furu na kambare. Furu ndio chakula cha asili cha sangara tangu alipoingia Ziwa Victoria. Tukumbushane kwamba hakuwamo. Aliletwa kutoka maziwa ya Albert na Turkana, upande wa Uganda katika miaka ya 1950, kisha akaongezwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa miaka mingi hakuonekana sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi walipofika Mwanza mwaka 1977 kuwachunguza furu, walikuta aina kwa mamia, na nyingi hazikuwa na jina la kitaalamu. Miaka kumi baadaye walikuwa wanaandika habari za aina zilizotoweka. Sangara alikuwa amelipuka, amewala furu, na walipopungua akageukia dagaa, kamba wadogo wa ziwani, na watoto wake mwenyewe. Hilo la mwisho lisikushangaze. Samaki huyu hamjui mwanawe.

Furu ni chambo kizuri, lakini ana kasoro moja kubwa: hufa upesi. Ukimtoboa saa kumi na mbili jioni, inapofika usiku wa manane unaning'iniza maiti. Kambare mdogo ni jamii nyingine ya kiumbe. Ana kiungo cha ziada cha kupumulia kilichojificha juu ya mashavu, kinachomwezesha kuvuta hewa moja kwa moja, kwa hiyo anakaa hai kwenye beseni lenye maji kidogo, anasafiri kwenye mtumbwi bila kelele, na akitobolewa vizuri bado atakuwa anajipinda ndoanoni hadi kunakucha. Kutobolewa vizuri maana yake ni kupitisha ndoano kwenye nyama ya mgongo, chini kidogo ya pezi, bila kugusa uti. Ukigusa uti umemlemaza, na chambo kilicholemaa hakimwiti mtu. Mabaharia wengine huharakisha kazi hii kwa sababu ndoano ni mamia na jua linazama. Hapo ndipo mapato ya tajiri mwenye mtumbwi yanapopotea, wala yeye hajui.

Migonzo yenyewe mnaifahamu, lakini niieleze kwa ajili ya msikilizaji wa Karagwe au wa mjini asiyewahi kupanda mtumbwi. Ni kamba moja ndefu, mama wa zote, na kila baada ya hatua kadhaa linaning'inia tawi fupi lenye ndoano. Nafasi kati ya tawi na tawi lazima ipite urefu wa matawi mawili yakiunganishwa, la sivyo sangara wa kwanza atakayenaswa atamzungukia jirani yake, na asubuhi utavuta fundo. Chini pana nanga au jiwe, juu boya, ambalo huku kwetu mara nyingi ni dumu la plastiki. Kwenye matawi wengine huweka chubwi ili chambo kisichukuliwe na mkondo. Zana yenyewe haina injini, haina taa, haina umeme. Kuna mikono na subira.

Kina ndicho kinachowashinda wengi. Ziwa letu ni pana kupita kiasi lakini si refu kwenda chini. Wastani wake ni kama mita 40, na pale penye kina kikubwa ni kama 80 hivi. Inapofika Juni na Julai, upepo wa kusini mashariki unayavuruga maji juu hadi chini, hewa inafika mpaka kwenye matope, na sangara anatembea popote apendapo. Upepo ukitulia na jua likikaza, kuanzia mwishoni mwa mwaka kwenda mwanzoni mwa mwaka mwingine, maji yanakaa kwa matabaka, na tabaka la chini linapungukiwa hewa. Sangara hawezi kuvumilia hilo. Kambare na kamongo wanaweza, yeye hapana. Kwa hiyo ndoano iliyolazwa sakafuni mwezi wa Februari mahali ilipofanya maajabu mwezi wa Julai itakurudishia chambo chako kikiwa kizima au kimekufa, bila jino. Wavuvi wenye umri hulijua hili bila kusoma popote. Hupandisha ndoano kwa kufupisha kamba za maboya au kuongeza maboya, kisha hukaa kimya wasimwambie jirani.

Nikirudi kwenye chambo, naomba niwapeleke mbali kidogo, Ufini, kwenye ziwa linaloitwa Päijänne. Huko kuna samaki anayeitwa paiki: mrefu, mwenye mdomo bapa na meno makali, anayejibanza kwenye magugu ya majini na kuchomoka ghafla. Katika miaka ya 1930 alikuwako mvuvi maskini wa huko, Lauri Rapala. Kazi yake ilikuwa hiyohiyo ya mabaharia wa Bumbire: kamba ndefu, mamia ya ndoano, na kila ndoano inataka samaki mdogo aliye hai. Kila siku kukamata chambo, kila siku kutoboa, kila siku upya. Alichoka. Lakini kabla ya kuchoka alikuwa ametazama sana. Aliona kwamba samaki mkubwa akiingia kwenye kundi la wadogo hamfuati yeyote tu. Humfuata yule anayekwenda upande, aliyeumia, anayeyumba. Mwaka 1936 akachukua kisu, akachonga samaki wa gome la mti lile jepesi linalotumika kuzibia chupa, akamvika karatasi ya kung'aa iliyofungia chokoleti, akampaka filamu za picha zilizoyeyushwa ili maji yasimwingie. Akamrekebisha mpaka akayumba kama alivyotaka. Leo jina Rapala limeandikwa kwenye chambo bandia duniani kote, na wageni wanaokuja kuvua sangara kwa mchezo kwenye Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, jirani zetu hapo kusini, wanavuta nyuma ya boti samaki wa bandia wa ukoo huohuo.

Nimeisimulia hadithi hiyo kwa sababu mtu yule hakuwa mtaalamu wa maabara. Alikuwa mtega migonzo. Ujuzi uliomtajirisha upo hata kwa wavuvi wetu. Tofauti ni kwamba yeye alikaa chini akauchonga.

Je, chambo bandia kingefaa kwenye migonzo yetu? Kwa kweli hapana, na sababu ni rahisi. Chambo bandia hakina uhai wake chenyewe; kinayumba kwa kuvutwa. Kikining'inia mahali pamoja usiku kucha ni ubao tu. Kinataka boti inayokwenda polepole kando ya miamba, au mtu anayerusha na kukunja mshipi kwa gurudumu. Kinataka pia maji yanayopitisha mwanga, na maji yetu ya pwani yamekuwa ya kijani kwa mwani tangu miaka ya 1980. Ndiyo maana wenye kuvua kwa mchezo hupenda vyambo vikubwa, vya rangi kali, na vingine vyenye gololi ndani vinavyopiga kelele. Sangara husikia mtikisiko wa maji kwa mwili wake hata pale jicho linaposhindwa.

Na kuna tofauti kati ya sangara na paiki ambayo kijana anayetaka kuongoza watalii inampasa aijue: paiki atakukatia mshipi kwa meno, kwa hiyo mwisho wa mshipi wake hufungwa waya. Sangara hakati kwa meno. Anakukata kwa shavu. Kifuniko cha mashavu yake kina makali na miiba, na akitikisa kichwa juu ya maji mshipi mwembamba unapita hapo na kwisha. Kipande kinene cha nailoni cha urefu wa mkono kinatosha. Vilevile usimshike shavuni kwa vidole vitupu kama unavyopenda vidole vyako.

Wazungu wana samaki mwingine wanayemtukuza kupita paiki, naye ni samoni. Huyu huzaliwa mtoni, hushuka baharini kukua, kisha hurudi mto uleule kuzaa. Cha ajabu ni kwamba akiingia mtoni hali tena. Tumbo limefunga kazi. Hata hivyo hupiga chambo cha manyoya kilichofungwa kwenye ndoano, na wavuvi wa Scotland wamebishana vizazi kwa vizazi ni kwa nini: wengine wanasema ni hasira, wengine wanasema ni mazoea ya utoto wake. Mimi sitaingia kwenye ugomvi wao. Ninachotaka mkumbuke ni kwamba ziwa letu nalo lilikuwa na samaki wa kupanda mito. Ningu. Mvua zikija, mito ikifurika, alikuwa akipanda kwa makundi kwenda kuzaa, katika Mto Kagera, katika Nzoia kule Kenya, na mingine. Watu walimngoja kwa migono na uzio wa matete, wakachukua chao, na wengine wakapita. Kisha zikaja nyavu za nyuzi, zilizoanza kutumika upande wa Ghuba ya Winam mwaka 1905 na kuenea ziwa zima. Zikategwa kwenye midomo ya mito, mahali ambapo kila ningu lazima apite. Alikwisha kupungua vibaya kabla sangara hajafika kiasi cha kulaumiwa. Wazee wetu hawakuwa wema kuliko sisi, tusidanganyane. Ila mgono una mlango wa ukubwa fulani na uzio wa matete huondoka na mafuriko. Zana yao ilikuwa na kikomo, nao walikomea hapo.

Narudi kwenye ndoano, maana ndoano nayo ina kikomo chake, ikiwa mnunuzi hatakihamisha.

Watu husema, "Si unaweza kumrudisha mdogo majini?" Kwa maji mafupi, ndiyo. Kwa sangara aliyetoka mita 30 au 40, ni faraja ya mdomo. Ndani yake mna bondo, mfuko wa hewa, na sangara hana njia ya kuitoa hewa hiyo kwa haraka. Ukimvuta juu, hewa inatanuka, tumbo linajaa, na mara nyingine utumbo wa juu unatokea kinywani. Mtupe majini, ataelea ubavu mpaka mwewe au mtu mwingine amchukue. Kwa hiyo mtu anayenunua namba kumi na mbili akiahidi kwamba wadogo atawarudisha, anaahidi asichoweza kutimiza. Ndoano namba nne au sita yenye chambo cha kiganja haihitaji ahadi.

Na bondo hilohilo ndilo linalovuruga hesabu upande wa pili. Mnajua kwamba mabondo yaliyokaushwa huenda mpaka China na Hong Kong, na kwamba bei ya kilo ya bondo haifanani hata kidogo na bei ya kilo ya minofu. Tena bondo kubwa lina bei kubwa kwa kilo, si kwa ukubwa wake tu. Sangara anaweza kufika mita mbili na kilo 200, ingawa wa namna hiyo sasa ni wa kusimuliwa. Wakubwa hao karibu wote ni majike. Jike hukomaa kwa kuchelewa kuliko dume, na akishakuwa mkubwa hubeba mayai kwa mamilioni. Nchi zetu tatu, zikikaa pamoja kwenye Taasisi ya Uvuvi ya Ziwa Victoria iliyoko Jinja, ziliwahi kukubaliana kwamba sangara wa kiwandani awe kati ya sentimita 50 na 85, ili mtoto akue na mama abaki. Wazo zuri sana kwenye karatasi. Mweleze baharia aliyekesha kwenye mawimbi ya Goziba kwamba aliyemshika, mwenye bondo la kumlipia ada ya mwaka mzima ya mtoto, aachwe. Mimi sina uso wa kumwambia. Na hata akimwacha, nimekwisha kusema kitakachomtokea akiwa ametoka kina kirefu.

Lakini kwa mdogo hakuna kisingizio hicho. Sangara wa sentimita 35 hana bondo la maana, kiwanda hakimtaki, ajenti anampokea kwa bei ya kutupa na kumpitisha usiku. Mvuvi amepoteza ndoano, chambo na mafuta ya injini kwa ajili ya samaki ambaye angengojwa kidogo angelipa mara nyingi zaidi. Operesheni Sangara ya mwaka 2018, ile ya kupambana na uvuvi haramu, iliwafuata wavuvi wa namna hii kwa bunduki na faini, na wengine bado wana uchungu nayo. Nadhani nguvu ile ingefanya kazi zaidi ingeelekezwa kwenye kaunta, kwa wanaoingiza na kuuza maboksi ya ndoano ndogondogo kwa jumla. Mvuvi hachongi ndoano mwenyewe.

Limebaki la chambo, na hili naona halisemwi hata kidogo. Furu na kambare wadogo wa kutia kwenye migonzo wanatoka wapi? Mara nyingi wanatoka kwa mtu mwenye kokoro la macho madogo, anayeburuza ufukweni na kwenye matete alfajiri, mahali penye mazalia ya sato na watoto wa sangara. Yaani mvuvi mwenye ndoano halali namba sita analisha zana haramu bila kuigusa. Ukipiga marufuku kokoro bila kumpa chambo kingine, umemfunga yeye pia.

Dawa inafahamika, na upande wa Kenya na Uganda wapo wanaoifanya kama biashara: kufuga vifaranga vya kambare kwenye mabwawa na kuviuza kwa wavuvi kwa idadi, vyote vya ukubwa mmoja. Muleba ina mabonde yenye maji mwaka mzima. Kambare hahitaji mtaji mkubwa, anavumilia maji machafu, na mnunuzi wake yuko mwaloni kila jioni. Shida zake ni mbili. Vifaranga hulana wenyewe kwa wenyewe wasipochambuliwa kwa ukubwa kila baada ya siku chache, na mvuvi hununua kwa mkopo hadi samaki auzwe. Hiyo ya kwanza afisa uvuvi wa kata anaweza kuifundisha kwa asubuhi moja. Ya pili inataka tajiri wa mitumbwi, mwenye bwawa na kikundi cha mwalo wakae meza moja wapange nani analipa lini. Kama kuna mwalo ambao umekwisha kufanya hivyo, kuanzia Nyamkazi mpaka Kyamkwikwi, simu zetu ziko wazi kuanzia sasa. Tuambieni mnauza kifaranga kimoja shilingi ngapi, na cha urefu gani.